Nani Hulipia Habari: Wanamichezo Wenye Ulemavu na Vyombo vya Habari vya Kongo

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilishiriki Michezo ya Paralimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 2012 mjini London, miaka 52 baada ya Paralimpiki ya kwanza ya Roma na miaka 40 baada ya Kenya kupeleka timu yake Heidelberg. Wanamichezo wake walikuwa wawili tu, wote wa riadha: Levy Kitambala Kizito na Dedeline Mibamba Kimbata. Kimbata alikuwa amepoteza miguu kwa bomu lililotegwa ardhini. Kiti cha mashindano alichokitumia alipewa na Anne Wafula Strike, mkimbiaji mzaliwa wa Kenya ambaye siku hizo alikuwa tayari raia wa Uingereza. Kongo imerudi Paralimpiki tangu hapo, lakini hadi Michezo ya Paris ilipofungwa mwaka 2024 ilikuwa haijapata medali hata moja. Lubumbashi wako mashabiki wengi wanaoweza kutaja kikosi cha TP Mazembe cha 2010 mchezaji mmoja baada ya mwingine. Anayeyajua majina ya wale wawili wa London ni nadra.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi kuhusu hali hii ni kwamba jamii huwadharau watu wenye ulemavu, na wahariri, kwa kuwa ni wanajamii, hudharau vilevile. Dharau ipo na hakuna sababu ya kuikana. Hata hivyo dharau peke yake haielezi kwa nini redio ileile isiyotaja mashindano ya viti mwendo hutoa dakika kumi kwa waziri anayegawa viti hivyo. Jambo linaloeleza zaidi ni gharama. Kongo, habari ya michezo hufika hewani kwa sababu kuna aliyeilipia safari yake, awe klabu, mwanasiasa, kampuni au serikali. Mwanamichezo mwenye ulemavu hana mlipaji, na akimpata, mlipaji ndiye anayegeuka kuwa habari.

Kupuuzwa huku hakuna sura moja. Iko hali ya kutotajwa kabisa: mashindano yanafanyika, mshindi anapatikana, watu wanatawanyika, na hakuna mstari uliochapishwa popote. Iko hali ya kutajwa mahali pasipo pake, pale ushindi wa uwanjani unapowekwa katika kipindi cha afya au cha misaada badala ya kipindi cha michezo. Na iko ile ya msimu, ambapo majina huibuka kwa wiki mbili kila baada ya miaka minne, kisha huzama. Nchi zenye vyombo vya habari tajiri zaidi husumbuliwa na hizi mbili za mwisho. Katanga bado inasumbuliwa na ile ya kwanza.

Lubumbashi ni mji wa mpira, na mpira wenyewe ni wa timu mbili. TP Mazembe na Saint-Éloi Lupopo zote zilianzishwa mwaka 1939. Lupopo ni timu ya watu wa reli, na Mazembe ni kunguru wa Kamalondo waliotwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Tarehe 18 Desemba 2010 Mazembe ilicheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu dhidi ya Inter Milan huko Abu Dhabi. Ilifungwa 3–0, lakini hakuna klabu ya Afrika iliyokuwa imefika hapo kabla yake. Mmiliki wa klabu, Moïse Katumbi, alikuwa gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015, na jina lake limefungamana pia na kituo cha televisheni cha Nyota. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa timu, ofisi ya jimbo na kipaza sauti vilikuwa karibu na mkono mmoja. Katumbi alipokosana na Rais Joseph Kabila kituo hicho kilifungwa, na kikarudi hewani mwaka 2019 baada ya utawala kubadilika. Historia hii inaonyesha kwamba hata mpira, ambao watu huuona kuwa unajitangaza wenyewe, umesimama juu ya nguzo za fedha na siasa. Mchezo usio na nguzo hizo hauwezi kulaumiwa kwamba umeshindwa kuvutia wasikilizaji, kwa kuwa haujawahi kufikishwa kwao wauchague au waukatae.

Kiini cha utaratibu huu ni kile ambacho waandishi wa Kongo wenyewe hukiita coupage. Mtu anayeandaa shughuli, iwe mkutano, uzinduzi au mechi, huwapa waandishi waliohudhuria kiasi cha pesa mwishoni. Mara nyingi pesa hiyo huitwa nauli. Si sahihi kuiita rushwa na kuishia hapo. Vituo vingi vya redio vya mikoani hulipa mishahara midogo mno, au huilipa kwa kuchelewa, au havilipi kabisa, na mwandishi huishi kwa hizo bahasha. Kwa maana hiyo mwandaaji wa shughuli ndiye mwajiri wake halisi, siku hadi siku. Mhariri anayepanga nani aende wapi asubuhi hapangi kwa kupima uzito wa tukio tu. Anajua kwamba kumpeleka kijana wake mahali pasipo na bahasha ni kumnyima chakula cha jioni.

Hapo ndipo chama cha wanamichezo wenye ulemavu kinapopotea. Chama kinachochangishana ili kununua tairi la kiti mwendo, au mpira mmoja wa kikapu, hakina fungu la kuwapa waandishi. Kikiwaalika, mwaliko huo hushindana na mialiko ya wabunge, makampuni ya madini na makanisa yenye uwezo, na hushindwa. Hakuna kikao kilichokaa na kuamua kuwabagua wanamichezo hawa, na ndiyo maana ubaguzi huu ni mgumu kuushtaki: kila mmoja katika mnyororo anaweza kusema kwa haki kwamba yeye hakumkataza mtu.

Jambo baya zaidi huanza pale waandishi wanapofika. Kwa kawaida huwa wameletwa na mfadhili, mwanasiasa anayegawa viti mwendo na magongo, au shirika linalotaka picha kwa ajili ya ripoti yake. Mlipaji huyo ndiye anayehojiwa. Cheo chake hutajwa kwa ukamilifu, hotuba yake hunukuliwa, na idadi ya viti alivyotoa hutangazwa hata kabla ya matokeo ya mechi. Wanamichezo huonekana nyuma yake wakiwa kundi: “walemavu”, bila jina, bila nafasi wanayocheza, bila rekodi. Mtazamaji anayetoka katika habari hiyo amejifunza jambo moja, kwamba mtu fulani ni mkarimu. Akiulizwa nani alifunga pointi nyingi zaidi, hana la kujibu, na mwandishi mwenyewe huenda hakuuliza. Kwa kipimo cha dakika za hewani, tukio la namna hii huhesabiwa kuwa walemavu wamepewa nafasi. Ukiitazama habari yenyewe, ni tangazo lililowatumia kama mapambo.

Juu ya ngazi ya bahasha iko ngazi ya mikataba. Kampuni za kubashiri matokeo, ambazo siku hizi hulipia sehemu kubwa ya vipindi vya michezo barani Afrika, zinahitaji mechi nyingi, za kila wiki, zenye matokeo yanayojulikana dunia nzima. Ligi ya Uingereza inawapa hayo, mashindano ya mkoa ya kurusha tufe ukiwa umekaa hayawapi. Serikali nayo imeingia katika soko hilo la kuonekana. Mwaka 2025 Kinshasa ilitangaza mikataba ya kuitangaza nchi kupitia AS Monaco, AC Milan na FC Barcelona. Ule wa Barcelona peke yake ni wa misimu minne, na gharama yake iliripotiwa kuwa zaidi ya euro milioni 40. Wapo wanaoutetea mkataba huo kwa hoja za utalii na heshima ya taifa. Kwa mada hii inatosha kuona kwamba dola yenyewe imekiri kuwa kuonekana hununuliwa, na imechagua kukununua kwenye jezi za Ulaya.

Hoja ya gharama hata hivyo haielezi kila kitu, maana ziko nchi za Afrika Mashariki zenye waandishi maskini vilevile ambazo wanamichezo wao wenye ulemavu wanajulikana. Kenya ndiyo mfano ulio karibu. Henry Wanyoike, aliyepoteza uwezo wa kuona baada ya kiharusi mwaka 1995, alishinda dhahabu ya mita 5,000 Sydney mwaka 2000, kisha mita 5,000 na 10,000 Athens mwaka 2004. Mbio za Sydney zina kisa kinachosimuliwa hadi leo: mkimbiaji aliyekuwa anamwongoza aliishiwa nguvu karibu na mwisho, ikawa yule asiyeona ndiye anayemhimiza anayeona wafike pamoja. Samwel Mushai Kimani alitwaa dhahabu ya mita 1,500 kwa wasioona London 2012 na akaitetea Rio 2016. Nancy Chelangat Koech alileta shaba Tokyo, na Samson Ojuka fedha ya kuruka mbali Paris. Uganda nayo ilimpata David Emong, fedha ya mita 1,500 Rio na shaba Tokyo.

Kinachowaunganisha wengi wao ni mbio. Kenya na Uganda ni nchi ambazo mwandishi wa michezo anajua maana ya dakika nne na sekunde kadhaa katika mita 1,500, na msikilizaji anajua pia. Mwanamichezo mwenye ulemavu hurithi nafasi ambayo mchezo wake tayari unayo nchini. Ndiyo maana hata ndani ya Kenya Asiya Sururu Mohammed wa Mombasa, aliyepoteza miguu katika ajali ya treni akiwa mtoto wa miaka miwili na akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kupiga makasia katika Paralimpiki, alihitaji kuelezwa upya kila alipotajwa: habari ililazimika kufafanua kwanza kwamba kupiga makasia ni mchezo. Urithi huu ulionekana Tanzania kwa namna nyingine. Nchi hiyo haina medali ya Paralimpiki, lakini timu yake ya soka ya watu waliokatwa viungo, Tembo Warriors, ilifuzu Kombe la Dunia kupitia mashindano ya Afrika yaliyochezwa Dar es Salaam mwishoni mwa 2021, kisha ikafika robo fainali Istanbul mwaka 2022. Magazeti na viongozi waliifuatilia kwa sababu ilikuwa soka, na kwa soka Mtanzania hahitaji kufundishwa lugha mpya.

Kwa kipimo hicho, Kongo ilipaswa kuwa na njia iliyo wazi. Ni nchi ya soka, na jirani yake Angola, yenye vita na mabomu ya ardhini kama yenyewe, ilitwaa ubingwa wa dunia wa soka ya waliokatwa viungo mwaka 2018. Lakini Wakongo waliokwenda London walikwenda kwa riadha, mchezo ambao hata wasio na ulemavu hukimbia karibu peke yao, mbele ya viti vitupu. Anayekimbia kwa kiti mwendo akiwa Mkongo amepuuzwa mara mbili, na ile mara ya kwanza haihusiani na ulemavu wake.

Wapo Wakongo wenye ulemavu waliopata umaarufu mkubwa, na inafaa kutazama waliupatia wapi. Staff Benda Bilili, bendi ya Kinshasa ambayo wanamuziki wake kadhaa waliugua polio na huendesha baiskeli za magurudumu matatu, ilizunguka dunia baada ya albamu ya 2009 na filamu iliyoonyeshwa Cannes mwaka 2010. Mwimba Texas, mwanamieleka wa Kinshasa mwenye ualbino, alijulikana mitaani na kwenye televisheni, na umaarufu huo aliutumia kuanzisha taasisi ya kuwatetea wenye ualbino. Muziki na mieleka ya Kinshasa vina watazamaji wanaolipa au wanaojaa barabarani, na kamera hufuata umati. Mtazamaji wa Kongo, basi, hakukataa kumtazama mtu mwenye ulemavu. Alimtazama kila alipowekwa mahali ambapo tayari watu wanatazama.

Tatizo la habari kuwekwa mahali pasipo pake lina mizizi katika asili ya michezo hii. Ilizaliwa hospitalini. Mwaka 1948 daktari Ludwig Guttmann aliwakusanya wagonjwa 16 waliojeruhiwa uti wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza, wakashindana kulenga mishale siku London ilipofungua Olimpiki. Mashariki mwa Kongo mambo yalikwenda kwa mfano huohuo: vituo vya kutengeneza miguu bandia na kuwarudishia watu mwendo, kama Shirika la Umoja la Goma na Heri Kwetu la Bukavu, vimekuwa ndipo mtu anaposhikia magongo na hatimaye mpira. Mwandishi anayefika huko ametumwa kuandika juu ya vita, majeruhi au msaada wa Msalaba Mwekundu. Anaukuta mchezo, anaupiga picha, na anauandika kama dalili ya kupona. Matokeo ya mechi hayamhusu, kwa sababu katika habari ya kupona kila mtu ameshinda.

Wafula Strike, yule aliyetoa kiti chake London, ni mfano wa jinsi habari ya fedheha inavyoishinda habari ya mchezo. Mwaka 2004 Athens alikuwa mkimbiaji wa kwanza wa kiti mwendo kutoka Afrika kusini mwa Sahara kushindana Paralimpiki, akiiwakilisha Kenya. Wengi Uingereza walilisikia jina lake kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa 2017, aliposimulia jinsi alivyodhalilika safarini kwa sababu treni haikuwa na choo ambacho angeweza kukitumia. Simulizi hiyo ilistahili kusikika. Lakini miaka yake ya mashindano haikuwa imempa hata robo ya nafasi hiyo.

Kinyume cha fedheha ni sifa zilizopita kiasi, nazo zimeshambuliwa vilevile. Kituo cha Channel 4 kilipochukua matangazo ya London 2012 kiliwanadi wanamichezo hao kama viumbe wenye uwezo upitao wa binadamu. Watazamaji waliongezeka, na tiketi milioni 2.7 ziliuzwa. Watu wengi wenye ulemavu, hata hivyo, walilalamika kwamba sasa wanapimwa kwa mabingwa, na asiyeweza kukimbia anaonekana mvivu. Mwandishi wa Australia Stella Young, aliyekuwa akitumia kiti mwendo, alikosoa kwa ukali tabia ya kumgeuza mtu mwenye ulemavu kuwa dawa ya kuwachangamsha wasio nao. Mjadala huu ni halali, ila ukiletwa Lubumbashi unasikika kwa mbali. Kabla ya kujiuliza kama sifa zimezidi, lazima ziwe zimetolewa. Yupo pia Oscar Pistorius wa Afrika Kusini, aliyekimbia Olimpiki ya London kwa miguu bandia na ambaye jina lake lilijulikana hata vijijini. Umaarufu huo ulimwinua mtu mmoja na kuwaacha wenzake walipokuwa, na alipomuua Reeva Steenkamp Februari 2013, kesi yake ikafuatiliwa duniani kote.

Kuna ugumu wa kiufundi ambao hautajwi mara nyingi, nao ni ujuzi wa mtangazaji. Riadha ya Paralimpiki imepangwa kwa madaraja: herufi T ni mbio na miruko, F ni kutupa na kurusha. Namba 11 hadi 13 ni wenye matatizo ya kuona, 20 ni ulemavu wa akili, 35 hadi 38 ni wenye kasoro za mwendo zinazotokana na ubongo na hukimbia kwa miguu yao, 40 na 41 ni wa kimo kifupi, 45 hadi 47 ni wa mikono, 51 hadi 54 ni viti mwendo, na 61 hadi 64 ni miguu bandia. Matokeo yake ni kwamba mita 100 zina fainali nyingi kwa siku, na mtangazaji asiyejua madaraja huona vurugu. Hawezi kueleza kwa nini mkimbiaji wa T11 hufungwa kamba na kiongozi wake, wala kwa nini kiongozi huyo akitangulia kuvuka mstari wamepoteza. Redio inaongeza ugumu. Katanga redio bado ndiyo chombo cha wengi, na redio haina picha. Mtangazaji wa mpira husaidiwa na kumbukumbu ya msikilizaji, ambaye amekwisha kuuona uwanja kichwani mwake, lakini wa mbio za viti mwendo anapaswa kuujenga uwanja huo kwa maneno. Ni kazi inayowezekana, na Kiswahili kina maneno yake. Kinachokosekana ni mtu wa kuwafundisha watangazaji na muda wa kujiandaa.

Hadi hapa Lubumbashi imechukuliwa kama kitovu. Ukiitazama kutoka Mitwaba, Lubumbashi yenyewe ni mbali. Teritori ya Mitwaba iko kaskazini mwa Haut-Katanga, kwenye nyanda zinazopakana na Hifadhi ya Upemba, na barabara ya kufika huko ni ya tabu, hasa wakati wa mvua. Pamoja na Manono na Pweto iliunda eneo lililoitwa pembetatu ya mauti. Wapiganaji wa Mai-Mai wa Gédéon Kyungu Mutanga waliwafukuza watu vijijini, na mwaka 2006 Gédéon alijisalimisha hapohapo Mitwaba kwa walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Alihukumiwa mwaka 2009 na kutoroka gereza la Kasapa mwaka 2011, kisha kambi za waliokimbia zikajaa tena.

Vita vya namna hiyo huacha watu wenye majeraha ya kudumu, na si vita tu. Mashimo ya wachimbaji wadogo huporomoka. Polio nayo imerudi kwa sura mpya: tangu 2017 milipuko ya virusi vinavyotokana na chanjo, ambayo hujitokeza pale chanjo yenyewe isipowafikia watoto wa kutosha, imeikumba Haut-Lomami, inayopakana na Mitwaba, na kusambaa hadi Haut-Katanga na Tanganyika. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba asilimia 16 ya watu duniani wana ulemavu mkubwa. Hakuna sababu ya kudhani Mitwaba iko chini ya hapo.

Mambo yanayofanya Mitwaba itajwe katika habari za Lubumbashi na Kinshasa ni silaha, kipindupindu, wakimbizi na madini. Mwandishi akienda huko, anakwenda kwa gari la shirika la misaada au la jeshi, na ratiba ni ya aliyetoa gari. Kijana wa huko anayetembea kwa magongo na kuwashinda wenzake wote kwa kurusha mawe hana mahali pa kuonekana. Ili jina lake lifike kwenye redio ya taifa lazima kwanza afike Lubumbashi, apate klabu, apimwe, apelekwe Kinshasa, kisha nje. Kila hatua inataka nauli yake na ya msaidizi. Wengi wa wanaochaguliwa, basi, ni wa miji mikubwa, na wahariri wa mijini huamini kwamba vijijini hakuna vipaji kwa kuwa hawajawahi kuletewa.

Lawama si ya waandishi peke yao. Vyama vya michezo ya walemavu, katika nchi nyingi za Afrika, havitoi ratiba ya mwaka, wala karatasi ya matokeo, wala orodha ya rekodi za kitaifa. Mwandishi mwenye nia njema akipiga simu hujibiwa na kiongozi anayependa kuzungumzia matatizo ya shirikisho kuliko muda wa mkimbiaji wake. Vyama vyenyewe vimezoea kuomba msaada, na lugha ya kuomba imeingia katika taarifa zao: wanajitambulisha kama wahitaji, kisha wanalalamika wakiandikwa kama wahitaji.

Kisheria, hali ya Kongo si mbaya. Katiba ya 2006, ibara ya 49, inawapa wenye ulemavu haki ya hatua maalumu za ulinzi. Mwaka 2015 nchi ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 8 inazitaka serikali zihimize vyombo vya habari viwaonyeshe watu hawa kwa heshima, na ya 30 inahusu ushiriki wao katika michezo. Tangu 2019 kumekuwa na waziri mwenye dhamana ya watu wenye ulemavu, akianza na Irène Esambo, na tarehe 3 Mei 2022 ilitiwa saini sheria maalumu ya kulinda na kukuza haki zao. Baraza linalosimamia utangazaji lipo pia. Lakini sheria haiwezi kuamuru bahasha ielekee wapi. Kipengele cha kudai dakika kadhaa za hewani kingeweza kuandikwa, na vituo vingelitimiza sharti hilo kwa kurudia picha za waziri akigawa viti.

Mabadiliko yaliyoleta matokeo hadi sasa yamekuwa ya aina nyingine: kuondoa gharama. Kwa Michezo ya Tokyo, iliyofanyika 2021, Kamati ya Kimataifa ya Paralimpiki ilishirikiana na kampuni ya TV Media Sport kutoa matangazo bure kwa vituo vya nchi na maeneo 49 ya Afrika kusini mwa Sahara. Kituo kilichokuwa hakiwezi kununua haki kilipata picha zilizokwisha kuhaririwa. Mwaka 2024 kisingizio cha saa nacho hakikuwepo: majira ya kiangazi Paris huwa na saa ileile ya Lubumbashi, na fainali za jioni zilichezwa wakati watu wamerudi nyumbani. Kilichobaki ni umeme, na mhariri.

Mfano mwingine ulitokea Kinshasa kwenyewe. Michezo ya nchi zinazozungumza Kifaransa, iliyofanyika kuanzia mwisho wa Julai hadi mwanzo wa Agosti 2023, iliweka mbio za wenye ulemavu ndani ya mashindano ya riadha. Mwandishi aliyekuwa amekuja kwa mbio za kawaida alikuwa yupo tayari uwanjani, na mfadhili hakulazimika kumleta. Utaratibu huu una faida kuliko kampeni nyingi za kuhamasisha. Ungeweza kuigwa kwa gharama ndogo Lubumbashi, kwa mfano kwa kuweka mchezo wa dakika ishirini wa soka ya magongo kabla ya mechi ya Mazembe na Lupopo, siku ambayo kila redio ya mji ina mtu uwanjani. Simu za mkononi nazo zimefungua mlango, kwa kuwa wachezaji hujirekodi na kutumiana video. Ila video ya simu huwafikia wale wanaomjua mchezaji tayari, na hutoweka haraka.

Kutoweka huko kuna gharama ambayo haionekani siku ya mashindano. Ili mwanamichezo apangwe kimataifa lazima apimwe daraja lake na wataalamu walioidhinishwa, mara nyingi kwenye mashindano ya nje, na chama hakiwezi kulipia safari ya kila mtu, hivyo kinapaswa kuchagua kwa kutazama matokeo. Mdhamini akiombwa fedha huuliza amefanya nini. Ubalozi unaotoa viza huuliza pia. Mchezaji wa mpira wa daraja la pili Katanga anaweza kuonyesha gazeti au ukurasa wenye jina lake. Aliyeshinda mbio za viti mwendo mwaka juzi ana cheti chenye muhuri wa chama, kama kilichapishwa, na ushahidi wa waliokuwepo. Muda wake, hata kama ulipimwa kwa saa nzuri, haukuandikwa popote ambapo mtu mwingine angeweza kuukuta, na anayemfuata mwaka huu hana namba ya kuivunja.